Kobe Atanisubiri

Mpakia mizigo wa uwanja wa ndege alikuwa akisinzia kwenye basi la kwenda kazini, mpaka mwalimu mstaafu aliyekaa pembeni alipomwonyesha tiketi tatu.

"Hii ya mwisho inakwenda kisiwani mara moja tu kwa wiki. Nakwenda kuwaona kobe wakubwa kama meza, mwanangu!"

"Lakini mama, kuunganisha ndege kwa dakika arobaini? Begi lako litabaki. Mizigo ndiyo kazi yangu."

"Nani kakwambia nina begi?" Akafungua koti: magauni manne, moja juu ya jingine.

"Na ukichelewa mwenyewe?"

"Kobe kaishi miaka mia. Atashindwa kunisubiri wiki moja?"

Basi liliposimama, mama alichomoka mbio. Tiketi ya kwanza ilisema saa kumi jioni. Jua ndiyo kwanza lilikuwa linachomoza.