Wanza Ndeti na Tumbusi wa Lukenya

Baada ya miaka kumi na tisa ya kutembea juani kwa niaba yetu, Bi. Wanza Ndeti anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Juni 2007. Sisi tunaobaki hapa kwenye kituo cha wanyamapori, Machakos, tunajifanya tumefurahi.

Aliajiriwa mwaka 1988 kama karani wa mapokezi, lakini kukaa kitini kulimshinda. Kituo kilipotafuta mtu wa kuwaongoza wananchi wa kujitolea, wale wanaoripoti ndege na wanyama wanaowaona mashambani mwao, aliomba kazi hiyo kabla gundi ya tangazo haijakauka. Nyoka anawaogopa vibaya sana, ila aliwaandika vilevile, akiwa amesimama juu ya jiwe. Kanisani tulizoea kumwona akiinua macho katikati ya maombi, wala si kwa utakatifu: kulikuwa na ndege darini.

Lakini ukitaka kumjua Wanza, sikia yaliyotokea mwaka 2003. Kila mwezi Mama Kamanthe, mkulima wa upande wa Lukenya, aliripoti kwamba ameona tumbusi, wale ndege wa mizoga. Wageni wakaja kutoka Nairobi kuwatazama, wakashinda huko mchana kutwa wasione hata unyoya. Aibu iliyoje! Mkuu wetu, Bwana Onesmus, akaamua Kamanthe aondolewe kundini. Wanza akaomba kwanza aende amsikilize.

Kamanthe hakuficha. Tumbusi walikuwa wametoweka kitambo. Ila kila mara alimwona Wanza akipanda kilima cha Lukenya, jasho linamtiririka, akaona haya kumrudisha mgeni mikono mitupu. Basi akawa anampa sahani ya mahindi ya muthokoi, na tumbusi wachache wa kumsindikiza.

“Mwaitu, mama yangu, ukiniambia hakuna, umenipa kitu,” Wanza alimwambia. “Hicho ndicho ninachokifuata huku.”

Ofisini alijiweka dhamana: Kamanthe akikosea tena, waondoke wote wawili. Tulimwona amerukwa na akili. Mwezi uliofuata Kamanthe aliripoti kwamba hajaona kitu, kisha akalia, maana kwake ilikuwa kama kumfukuza mgeni mlangoni. Wanza alimshukuru, akala muthokoi akashiba. Majirani waliposikia, wakakiri kwamba nao walikuwa wakipamba kidogo. Ndipo tukajua jinsi tumbusi walivyokwisha upande ule. Ilituuma, lakini angalau tulijua.

Aprili mwaka huu Kamanthe alipiga simu kusema tumbusi mmoja ametua kwenye mwamba nyuma ya boma lake. Simu ilipokelewa na Bwana Onesmus mwenyewe. Hakuuliza mara mbili. Aliandika.

Asante, Wanza, kwa subira yako na kwa kutufundisha kusikiliza watu. Mungu akujalie afya, shamba lenye mvua na wajukuu wasumbufu. Unatuachia pengo kubwa, na hatusemi hivi kwa adabu tu.