Bwana Shaaban na Mama Mkwe wa Relini

Baada ya miaka tisa ya utumishi, Bwana Shaaban bin Hasani wa Kolo, mkalimani wa karakana ya reli Dodoma, anastaafu tarehe 31 Machi 1914. Habari hii imetuacha midomo wazi. Tulikwisha kumhesabu kuwa sehemu ya stesheni, kama tangi la maji.

Alianza kazi reli ilipokuwa bado inajengwa huko pwani, akitafsiri amri za Wadachi kwa sauti iliyoshinda nyundo. Lakini jina alilipata mwaka jana, yalipoletwa mabehewa mawili yaliyoungana, yenye injini tumboni, yasiyohitaji kuvutwa. Kila chuma chake kilikuwa na jina la Kiswidi. Fundi aliyekuja nayo, Mswidi mwenye Kidachi cha kuokoteza, alieleza kwa mikono, na Bwana Shaaban akatafuta maneno. Taa zikawa macho, chuma cha kuungia kikawa kiuno, na behewa la mbele, lenye breki, akaliita Mama Mkwe.

Tulicheka. Lakini wachungaji waliozoea kusimama na ng'ombe relini walipolisikia jina hilo walianza kupisha njia wenyewe, kwa heshima zote. Fundi alifurahi mno.

Siku ya majaribio ndipo tulipopigwa na butwaa. Dereva Kefa, Mgogo mwenye adabu zake, alikataa kupanda. Mtu aingieje nyumbani kwa mama mkwe, akae, aanze kushikashika vitu vyake? Mswidi, aliyekuwa ameshalegeza breki, alishuka kumfokea. Mara mabehewa yakaanza kuteremka yenyewe kuelekea treni ya mizigo iliyosimama mbele. Mimi nilikuwa kwenye behewa la nyuma, nabandika vibao vya majina mapya. Niliiona stesheni inaondoka. Nikakumbatia kiti kwa mikono yote miwili.

Kefa alikimbia sambamba na mlango, mikono nyuma, asithubutu kugusa. Bwana Shaaban akapiga ukelele uliofika sokoni: "Kefa! Si mkwe tena huyo, ni bibi yako!"

Kwa bibi mjukuu haoni haya. Kefa aliruka ndani, akazungusha breki kwa nguvu zote huku akimtania kikongwe wake, tukasimama pua kwa pua na ile treni. Mswidi alikaa kwenye kokoto, ameshika kichwa. Mimi nilishushwa kama gunia.

Jina la Bibi limebaki. Siku hizi vijana wa karakana hula karanga ndani yake, na injini ikigoma kuwaka humsuta kwa uvivu.

Shikamoo, Bwana Shaaban. Tunakushukuru kwa maneno yote, na mimi kwa hilo moja. Mke wangu Anyesi alikuwa mjamzito siku ile. Mtoto ana baba kwa sababu yako. Uwe na afya, mvua ya kutosha na amani nyumbani. Ila jiandae: tangu leo wewe ni Babu yetu. Tutakuja Kolo, tutaingia bila hodi, na kitanda chako tutakilalia.

Bartolomayo, karani wa tiketi