Ruhusa ya Redio

Boti ya Moroni ilipokaribia Mutsamudu, Housna alikuwa amesahau kichefuchefu chake kwa kuwasikiliza abiria wawili waliokaa kando yake, mwalimu Faouzia na mzee Djaffar muuza nguo, waliokuwa wakibishana tangu alfajiri kana kwamba wanajuana.

"Mwaka ule wa uhuru, walimu Wafaransa walipoondoka, nilifundisha madarasa mawili kwa redio moja," alisema Faouzia. "Naiacha na wadogo, nakwenda kwa wakubwa. Ikitoa salamu, wanasimama kuiitikia."

"Redio si fundi, si mwalimu, mwanangu. Fundi wetu wa chuo cha Kurani alimjua mtoto na mama yake."

"Siku moja betri zikafa katikati ya hesabu. Nilirudi adhuhuri, nikawakuta kimya, mikono magotini. Walikuwa wanasubiri iwape ruhusa ya kwenda nyumbani. Sijapata tena darasa kama lile."

Mzee akacheka kama aliyeshinda kesi. "Unaona? Hiyo adabu wameitoa chuoni."

"Ndiyo, baba. Lakini adabu hiyo walimwekea nani, kama si redio?"

Boti ikagusa gati. Abiria wakainuka kwa pupa, wakisukumana na mizigo yao. Faouzia alibaki ameketi, mikono magotini, mpaka mzee aliposema taratibu, kwa sauti ya redio, "Haya, mwanangu. Nendeni nyumbani."