Mkasi na Mstari Mrefu

Mabano alifika kwenye benchi la nje ya duka la fundi cherehani saa nane mchana, uso umemshuka. Aliitwa hivyo kwa kuwa anaandika programu za kompyuta na mabano hayamtoki mdomoni. Siku ya tatu hiyo hasemezani na Mkasi, mwenzake wa meza moja kazini miaka sita, kisa urefu wa mistari ya programu. Saa kumi bosi angewaita; wasipoelewana, mmoja anahamishwa. Mabano alijidai hajali, kumbe usingizi ulikuwa umemruka.

— Yeye anataka mstari usizidi herufi themanini, akasema, akipokea kahawa. Akikuta mrefu, anaukatakata. Na skrini zenyewe siku hizi pana kama meza ya kulia!

— Hata suruali ina kipimo, kaka, akasema Sindano, mwenye cherehani. Ikizidi unaikanyaga.

— Programu haivaliwi, Sindano.

— Nyie hamjui kitu, akadakia Kinyozi, jirani wa duka la pili, aliyekuwa benchini na kikombe chake. Mstari mrefu unauchosha umeme. Ukifika katikati unapumzika, ndipo kompyuta inaganda.

— Nani kakwambia? akauliza Mabano.

— Nilimnyoa fundi mitambo. Mtu akiinamishwa kichwa hasemi uongo.

— Basi mimi nasema mifupi ndiyo mibaya, akageuka Sindano. Ukikata, pembeni panabaki patupu. Huo utupu unarundikana. Simu yangu imekuwa nzito, nikiibeba naihisi.

Mabano akacheka bila kupenda. Siku tatu hakuwa amecheka.

Mama mmoja aliyekuja kuchukua gauni lake alikuwa amesimama mlangoni, anawasikiliza.

— Samahani, mwanangu. Huyo mwenzio akisoma, anakaaje?

— Anakaa kwenye kiti, mama.

— Uso nauliza. Uko mbali na kioo cha kompyuta au karibu?

Mabano akavuta picha ya meza yao kazini. Akamwona Mkasi, pua inakaribia kugusa kioo, herufi amezikuza kama za bango, mstari mrefu anauvuta kulia, anaurudisha kushoto, anapoteza alipofika. Kumbe yeye Mabano alikuwa akidhani ni kiburi. Aibu ikamshika.

— Sasa mbona hakuniambia?

Sindano akamkunjia mama gauni lake.

Mabano akasimama.

— Unakwenda wapi? akauliza Kinyozi. Saa kumi bado.

— Nina mistari mia nne ya kukata kabla hajaisoma.

Kahawa yake akaiacha nusu, na hakuna aliyeigusa.