Moyo wa Taratibu wa Mwanangu

Wapendwa, mnanijua, nikishika neno kuliachia ni kazi. Leo nitajitahidi. Nimesimama kushukuru kwa ajili ya huyu mtoto anayewapigia kelele pale mlangoni.

Mimba yake ilikuwa ya kwanza. Mimi na mume wangu tulikuwa Ruaha Mbuyuni, tunalima vitunguu. Siku moja kliniki, mkunga akanisikiliza tumboni kwa kile kipembe cha mbao. Akanishika mshipa wa mkono, akainama tena. Mkunga akisikia mapigo ya polepole hujishuku kwanza, pengine anasikia ya mama. Lakini yangu yalikwenda kivyake na yale ya ndani kivyake. Moyo wa mtoto aliye tumboni hukimbia. Wa mwanangu ulikuwa unatembea.

Akanipeleka kwa daktari Iringa. Naye akasikiliza, akasema, "Mama, moyo wa mtoto una hitilafu. Dawa ya kuurekebisha sina. Ila kwa kuwa tumejua mapema, tunaweza kumpokea vizuri. Njoo ukae hapa kabla ya uchungu."

Ndugu zangu, nawaambia, nilirudi nyumbani nikihesabu siku zilizobaki.

Sasa kwetu mimba ya kwanza unajifungulia kwa mama yako. Ni heshima yake. Akinyimwa, watu husema binti amemkataa. Mama yangu alikuwa Igawa, na akina mama wengi wa kule amewazalisha yeye. Akaja kunichukua, ana kanga mpya na unga wa ulezi. Nikamweleza. Akacheka kwa hasira.

"Moyo polepole? Si mtoto mpole tu huyo! Nimezalisha watu wewe hujazaliwa. Funga mizigo."

Mume wangu, mbele ya mama mkwe, angesema nini, maskini? Mimi nikalia. Nilimwogopa mama, na niliogopa mtoto atakufa. Nikamwomba jambo moja tu, kwamba tupitie kwa mkunga kwanza.

Mkunga hakubishana naye. Alimwamkia, "Shikamoo mama," akampa kipembe, akamwekea vidole kwenye mshipa wangu. Mama akainama. Akakihamisha kipembe, akainama tena. Alipoinuka uso wake ulikuwa mwingine.

"Hawa wawili hawaendi pamoja," akasema. "Huyu mdogo anachelewa." Akakaa kwenye benchi, akajifunga kilemba upya, taratibu. "Basi. Wewe huji Igawa. Mimi ndiye nahamia Iringa."

Na kweli akahamia! Alinipikia uji nyuma ya wodi, pale wanapopikia wenye wagonjwa, na wauguzi aliwagombeza kama wanawe. Uchungu ulipofika, watu wa leba walikwisha kuambiwa kwamba moyo huu ndivyo ulivyo, wasishtuke wakanipasua bure. Daktari akaitwa, mtungi wa oksijeni ukasogezwa. Mtoto akatoka na rangi ya majivu, halii. Wakamfunika, wakampa hewa. Sijawahi kuogopa kimya kama kile. Halafu akalia, kilio chembamba, nami nikalia naye.

Kunyonya kulimchosha. Basi nilikamua maziwa, mama akamnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo, mpaka akapata nguvu. Moyo wake bado ni wa polepole. Daktari anamwangalia, na ya kesho hakutuahidi. Lakini leo mnamsikia wenyewe.

Nawashukuru mkunga na daktari. Namshukuru mume wangu, aliyebaki na vitunguu peke yake. Nawashukuru wale akina mama wa jikoni waliotugawia kuni bila kutujua. Namshukuru mama yangu, ambaye siku hizi anasema ugonjwa aliugundua yeye. Simkatalii.

Na ninyi wenye mabinti, neno langu ni hili: binti akiambiwa akajifungulie hospitali, usibaki nyumbani umenuna ukingoja kubembelezwa. Beba sufuria yako, mfuate.