Seli za Dada Yake Bomba

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, kando ya duka la vifaa vya ujenzi. Mguu wake mmoja ni mfupi, tumeuwekea kipande cha tofali. Saa kumi jioni hiyo tulikuwa watatu: mimi, Komando, askari magereza mstaafu anayekunywa kahawa ya moto bila kupuliza, na Kamusi, karani wa kujazia watu fomu, ambaye hajawahi kukubali kwamba kuna neno asilolijua. Bomba akatokea, anatembea kama mtu aliyesahau anakokwenda. Ni fundi wa mabomba ya maji na ndiye mcheshi wetu, lakini leo hata salamu hakutoa. Akakaa, akakunjua karatasi ya hospitali, akaikunja tena.

— Vipi, mbona kimya? Kamusi akamuuliza.

— Nimetoka hospitali na dada. Majibu ya ule uvimbe wa shingoni yametoka.

Dada yake ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Anashona sare za shule, nyumba ya tatu kutoka hapa, na hakuna kati yetu ambaye hajawahi kupunguziwa suruali naye. Wiki mbili nyuma walimkata kipande kidogo cha ule uvimbe, kikapelekwa maabara.

— Wamesemaje? nikauliza.

— Daktari kaongea weee. Seli hivi, seli vile. Mimi natikisa kichwa tu. Tulipotoka nje dada akaniuliza, "Umeelewa?" Nikasema, "Nimeelewa dada, tangulia, nakuja kukueleza." Sasa nyumbani siendi.

— Kwa nini umdanganye? Kamusi akauliza.

— Alikuwa ananiangalia machoni. Wewe ungesemaje?

Komando akaweka kikombe chini.

— Seli? Hapo umefika kwa mwenyewe. Nimefungua na kufunga seli miaka ishirini na miwili.

— Si hizo, mzee, Kamusi akamkatiza. Hizi ni za mwilini. Ni vitu vidogo mno, havionekani kwa macho. Mwili mzima umejengwa kwa hizo. Ngozi, damu, mfupa, hata huo ulimi wako.

— Na zenyewe zimejengwa kwa kitu gani? Komando akauliza.

— Nje kuna utando. Ndani kuna majimaji mazito. Humo ndani kuna kiini.

— Kama yai, nikasema.

— Kama yai. Kiini ndicho kinatoa amri, na utando unachagua nini kiingie, nini kitoke.

— Si ndizo hizo hizo! Komando akapiga goti. Mlango, mlinzi, na mkubwa ndani anatoa amri. Unanibishia nini sasa?

Bomba akaikunjua karatasi, akasoma kwa kufuata kidole:

— "Seli zisizo za kawaida. Viini vikubwa. Zinagawanyika kwa kasi." Haya, Kamusi. Zinagawanyika ndiyo nini?

— Moja inakuwa mbili.

— Kwa hiyo kila moja inabaki nusu.

— Hapana, kila moja nzima.

— Nusu inakuwaje nzima?

— Inakula kwanza, inanenepa, ndipo inajigawa. Mle ndani kuna kama majiko madogo yanachoma sukari ya chakula chako, yanatoa nguvu.

— Majiko! Na moshi unatokea wapi?

— Puani, Kamusi akasema, nikamwona anashangaa jibu lake mwenyewe.

Komando akajishika pua.

— Ngoja, Bomba akasema. Moja mbili, mbili nne, nne nane. Mbona mimi sijawa mkubwa kama nyumba?

— Nyingine zinakufa. Zile unazosugua ukioga, ni seli zilizokufa.

— Yaani ule uchafu ninaouzibua kwenye mabomba ya bafuni ni watu?

Tulicheka, yeye pia akacheka, halafu akasita katikati kama aliyekumbuka kitu.

— Na za dada je?

— Msongamano huo, Komando akasema. Kiini kikubwa kila chumba, maana yake kila mmoja mkuu, hakuna wa kufagia. Wanyimeni chakula siku tatu. Wote watatulia.

— Na seli zisizo na ugonjwa zitakula nini siku hizo tatu? nikamuuliza.

Komando akakuna kidevu.

— Au tunaangalia vibaya, Kamusi akasema polepole. Kama kiini ndicho kinatoa amri, basi kiini kikubwa ni akili nyingi. Huenda seli za dada zina akili kutuzidi sote.

Bomba akamgeukia kwa mwili mzima.

— Kwa hiyo ni habari njema?

Kamusi alichukua birika akammiminia Bomba kahawa, ikatoka nusu kikombe, kisha machicha.

Hapo ndipo dada yake mwenyewe alipofika, futi ya kupimia nguo imening'inia begani, kitambaa kimefunika shingo. Akamwamkia Komando. Sisi tukamwamkia yeye. Bomba akasimama kumpisha.

— Dada, nilikudanganya. Sikuelewa kitu.

— Najua. Ungekuwa umeelewa ungeshafika. Hawa wamekueleza?

Bomba akatutazama. Kamusi akaichukua ile karatasi, akajifanya anaisoma.

— Mimi nina swali moja tu, dada akasema huku akikaa. Hizo seli zinazogawanyika, ni zangu, au ni za ugonjwa?

Kamusi alimrudishia Bomba karatasi. Komando aliutazama ukuta.

— Nauliza kwa sababu kama ni za ugonjwa, nitazichukia, nizitoe. Lakini kama ni zangu, nimezaliwa nazo, nimezilisha mwenyewe, basi hata sijui nizionee hasira au huruma.

Mwenye duka alikuwa anashusha mabati. Dada akangoja kelele ziishe.

— Daktari nilimwogopa leo, dada akaendelea. Kesho saa mbili asubuhi yupo. Nitamuuliza mwenyewe. Nani ananisindikiza?

Tuliinua mikono wote wanne. Wangu ulikuwa bado umevaa kiatu cha mteja.