Kifuniko Namba 2107

Wasifu huu wa marehemu kaka yetu umeandikwa na kusomwa na mimi, mdogo wake wa kike anayemfuata, mwalimu wa shule ya msingi. Ofisi aliyofanyia kazi iliomba kuuona kabla haujachapishwa, ikaurudisha ukiwa na aya zilizokatwa kwa wino mwekundu. Tumezirudisha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya boti, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa fundi seremala na mshona nguo. Tangu utotoni alikuwa msafi kupita kiasi. Ukigusa kikombe chake tu, anakwenda kukiosha upya. Ndiyo maana kazi aliyokuja kuifanya ilituacha midomo wazi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akamaliza sekondari mwaka 1978. Hesabu zilimpiga chenga, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri mno, hata walimu walimpa vyeti vya wenzake aviandike. Mwandiko huo ulimpatia kazi, na baadaye ukamponza.

Tarehe 2 Mei 1983 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa ndege wa baharini, kwenye kisiwa kidogo mwendo wa saa mbili kwa boti. Kazi yake ilikuwa kutapisha makinda. Alimpitishia kinda maji ya uvuguvugu kooni kwa mrija laini, akamwinamisha juu ya beseni, na kinda akatoa alicholishwa na wazazi wake. Humo marehemu alitafuta plastiki. Kila kipande alikiosha, akakiandika namba kwa wino usiofutika, akakihifadhi. Wenzake walimwita Bwana Matapishi, naye akaitika.

Alifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1990 na wifi yangu, muuguzi. Mwezi wa pili wa ndoa, wifi alifungua kopo la siagi kwenye friji.

"Mume wangu, hiki ni nini?"

"Usifungue."

"Nimeshafungua!"

"Basi funga polepole, usimwage. Ni cha Jumanne."

Wifi alihamia kwa mama yake siku nne. Alirudi alipohakikishiwa kwamba kituo kimenunua friza ya kuhifadhia matapishi na vipande vyake.

Sasa hapa ndipo wino mwekundu ulipoanzia. Novemba 2014 kituo kilikuwa kinapewa tuzo ya uhifadhi. Mkuu mpya wa kituo alitaka friza ya kupozea soda za wageni, akaamuru kila kilichomo kitolewe. Kazi ya miaka thelathini na moja, mifuko kwa mifuko ya vipande vyenye namba, ilimwagwa ufukweni nyuma ya gati, na maji yalipojaa yakaisomba. Siku hiyo marehemu alikuwa upande wa pili wa kisiwa. Aliporudi, mkuu alimwambia, "Ni uchafu tu, mzee. Si utaokota mwingine?" Kisha wakapiga picha na tuzo. Picha hiyo nimeiona. Kila mtu ana soda mkononi, na kila soda ina mrija wa plastiki. Inanitia kichefuchefu mpaka leo.

Tarehe 11 Februari 2016 kinda mmoja alitapika kifuniko chekundu cha chupa. Marehemu alikiosha, akakigeuza ili akiandike, akakuta kimeshaandikwa: 2107, kwa mwandiko wake mwenyewe. Kifuniko alichokitoa tumboni mwa ndege mwaka 2003 kilikuwa kimerudi tumboni mwa ndege mwingine. Kinda huyo alikufa siku hiyohiyo. Marehemu alikipeleka kifuniko kwa mkuu, akakiweka mezani.

"Toa kinyaa hicho hapa, nakula!"

"Endelea kula, bosi. Na yeye alikuwa anakula."

Ripoti ya mwaka ilisema kifuniko hicho kililetwa na mikondo ya bahari kutoka nchi za mbali. Marehemu alikataa kuitia sahihi, akahamishiwa getini kuandika majina ya wageni mpaka alipostaafu mwaka 2021. Huo ni uozo, na neno la adabu zaidi sinalo.

Oktoba 2023 alianza kutapika, akagundulika kuwa na saratani ya tumbo. Wodini, wifi alipotaka kumwaga beseni, alimshika mkono: "Subiri, nione kwanza." Walicheka wote wawili, kisha wifi akatoka nje kulia. Sisi wadogo zake alituachia neno moja. "Semeni kifuniko kilikotoka," alisema. "Mkinizika kimya, mtakuwa mmemmalizia bosi kazi yake." Alifariki Jumatano, tarehe 12 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Basi tunasema, na mkuu yupo hapa anasikia: kifuniko namba 2107 kilitoka kwenye friza ya kituo.

Marehemu ameacha mjane, binti ambaye ni fundi umeme, mwana ambaye ni dereva wa lori, wajukuu watatu, wadogo zake watatu na madaftari kumi na tisa. Jana mchana ofisi ilileta shada la maua ya plastiki ndani ya nailoni, lenye utepe ulioandikwa "Mpenda Mazingira". Binti yake alilipokea kwa adabu, akafungua daftari la mwisho la baba yake, akaliandika shada namba inayofuata, 5864, kwa wino usiofutika. Liko hapa getini. Mkuu asiondoke bila hilo.

Kaka yetu apumzike kwa amani, na juu yake uwe udongo mtupu.